Maisha ya Askofu Samuel Ajayi Crowther: Somo kwa Vijana Wetu



Ni desturi njema ya kitabu hiki cha taarifa ya mwaka kwamba, baada ya hesabu za fedha na majina ya wanachama, kurasa chache hutengwa kwa habari za mtu mmoja wa zamani ambaye maisha yake yaweza kutufunza jambo. Safari hii Halmashauri imeniagiza niandike habari zitakazowafaa vijana wetu walio kati ya miaka 13 na 19. Sababu yake wengi mnaijua. Katika mkutano wetu mkuu kijana mmoja aliomba ruhusa ya kusema, akapewa, akauliza swali kwa adabu. Alisema kwamba kila siku wazee wanawahimiza vijana waujenge uhai wao juu ya imani ya Kikristo, na yeye hana neno la kupinga. Lakini je, kijana afanyeje anapoona kwamba baadhi ya wale waliomfundisha imani hiyo ndio wanaomdharau, au ndio wanaoivunja kwa matendo yao?

Ukumbi mzima ulinyamaza. Mwenyekiti alisema kwamba swali ni zito na kwamba litajibiwa kwa wakati wake. Nimelifikiri tangu siku ile, wala sikupata jibu lililo bora kuliko habari za mtu huyu, ambaye alipata mema mengi mikononi mwa Wakristo wenzake, kisha katika uzee wake akapata mabaya mikononi mwa Wakristo wenzake, na nyumba ya imani yake isianguke.

Mtu huyo alipozaliwa aliitwa Ajayi. Alizaliwa yapata mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya magharibi ya Nijeria. Kwa desturi ya Wayoruba jina hilo hupewa mtoto anayezaliwa kifudifudi. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, na mama yake aliitwa Afala. Mtoto alikua kama watoto wote wa watu waungwana, akijua heshima ya wazee na kazi za nyumbani. Lakini siku zile ufalme mkubwa wa Oyo ulikuwa umedhoofika, vita vilikuwa vimeenea, na palipo na vita wafanyabiashara ya watumwa hawakosekani.

Asubuhi moja ya mwaka 1821, Ajayi akiwa na umri wa miaka 12 hivi, jeshi la Wafulani na Wayoruba waliojiunga nao liliuzingira mji wa Osogun. Baba yake alifika nyumbani mbio, akawaonya wakimbie, kisha akarudi kupigana pamoja na wanaume wenzake. Hawakumwona tena, baadaye Ajayi alipata habari kwamba baba yake ameuawa katika vita vingine. Mji ulitiwa moto. Mama na watoto wake walikamatwa wakiwa katika kukimbia, wakafungwa kamba shingoni, wakaswagwa kama mbuzi. Hata usiku haujaingia, mtoto aliyeamka akiwa mwana wa mtu alikuwa mali ya mtu.

Tangu siku ile alipita mikono mingi. Mara ya kwanza alibadilishwa kwa farasi. Farasi hakumridhisha aliyempokea, basi kijana akarudishwa kama bidhaa yenye kasoro. Akatenganishwa na mama yake. Mara nyingine alitolewa kwa tumbaku na pombe. Kila aliposikia ya kwamba atapelekwa pwani kuuzwa kwa Wareno, hofu ilimzidi hata akajaribu usiku kujinyonga kwa mshipi wake, lakini moyo haukumpa nguvu ya kufanya hivyo. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, maana wapo vijana wanaofikiri kwamba watu wakubwa katika imani hawakupata kamwe kukata tamaa. Huyu alikata tamaa akiwa na miaka 12 au 13, na Mungu hakumtupa.

Mwishowe alifikishwa Lagos, na mwanzoni mwa Aprili 1822 akapakiwa katika merikebu ya Kireno pamoja na watumwa wengine. Jumla yao ilikuwa watu 187. Merikebu ile haikufika mbali. Tarehe 7 Aprili 1822 manowari za Kiingereza, zilizokuwa zikilinda bahari ili kuzuia biashara ya watumwa, ziliikamata. Ajayi na wavulana wachache walihamishiwa katika manowari iliyoitwa Myrmidon. Walipopanda waliona nyama ya nguruwe imetundikwa, na karibu yake marundo ya risasi za mizinga, mviringo na nyeusi. Wakaingiwa na hofu kuu, wakidhani ya kwamba nyama ile ni ya wenzao, na mizinga ile ni vichwa vyao. Walipokaribia na kutazama vizuri ndipo mioyo yao ilipotulia. Tarehe 17 Juni mwaka ule ule waliteremshwa Sierra Leone wakiwa watu huru.

Kwetu Kenya habari za namna hii si ngeni. Mwaka 1875 chama cha misioni cha C.M.S., ambacho ndicho kilichowatunza watoto kama Ajayi kule Sierra Leone, kilianzisha kijiji cha Frere Town karibu na Mombasa kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, na kwa sababu ya kengele ya huko watu wanapaita Kengeleni hata leo. Kati ya walioshika kazi mahali pale walikuwako waliotekwa utotoni huku Afrika ya Mashariki, wakalelewa India, kisha wakarudi; na wawili miongoni mwao, William Jones na Ishmael Semler, waliwekwa wakfu kuwa mashemasi mwaka 1885. Kwa hiyo tunaposoma habari za Ajayi tunasoma habari za jamaa zetu.

Basi Ajayi alipelekwa katika kijiji cha Bathurst, karibu na Freetown. Hakuwa na baba, wala mama, wala ukoo, wala mtu aliyejua jina la kabila lake. Alikuwa na umri ule ule ambao leo watoto wetu huingia shule ya sekondari. Hapo ndipo tunapoona kazi ya wazee. Mwalimu wa misioni aliyeitwa Weeks, pamoja na mkewe, walimtazama kama mtoto wa kulea. Alifundishwa kusoma, na baada ya miezi 6 tu aliweza kusoma kitabu cha Agano Jipya. Alifundishwa useremala, akajua kushika randa na msumeno. Na pamoja na hayo akafundishwa imani. Mambo haya matatu, yaani kusoma, kazi ya mikono, na kumjua Mungu, yalikwenda pamoja kama mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Ukiondoa figa moja chungu humwagika, hata kama mengine mawili ni ya jiwe gumu.

Kwa muda wa miaka mitatu kijana alisikia na kupima. Hakubatizwa siku alipoteremka merikebuni, wala hakubatizwa kwa sababu ya kupewa nguo. Baadaye alieleza kwamba alitambua kuwa ulikuwapo utumwa mwingine, ulio mbaya kuliko ule wa kamba shingoni, nao ni utumwa wa dhambi. Na kwamba kutoka katika utumwa huo hakuna manowari iwezayo kumtoa mtu. Alibatizwa tarehe 11 Desemba 1825, akiwa na umri wa miaka 16 hivi. Akachukua jina la Samuel Crowther, jina la kasisi mmoja wa London aliyekuwa mwanachama wa C.M.S. Lakini jina la Ajayi hakulitupa. Alilichukua hata mwisho.

Tafadhali vijana wautie moyoni umri huo. Miaka 12 alitekwa. Miaka 13 aliokolewa. Miaka 16 alibatizwa. Na mwaka 1827, akiwa na miaka 18, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa wa chuo cha Fourah Bay, ambacho baadaye kilikuwa chuo kikuu. Yote aliyoyajenga katika miaka zaidi ya 60 iliyofuata, msingi wake aliuweka kabla hajafikisha miaka 20. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mwashi anayejua kazi hangoji kuta zifike kwenye madirisha ndipo achimbe msingi.

Crowther akawa mwalimu wa shule. Alimwoa Asano, ambaye kwa ubatizo aliitwa Susan, msichana aliyetolewa utumwani kama yeye na kusomeshwa katika misioni ile ile. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya kazi na sala, na watoto wao walikuwa watu wa maana katika nchi. Binti yao Abigail aliolewa na kasisi T. B. Macaulay, mwanzilishi wa shule ya sekondari ya C.M.S. katika Lagos mwaka 1859. Na mtoto wao, Herbert Macaulay, ndiye aliyekuja kujulikana kuwa miongoni mwa watetezi wa kwanza wa uhuru wa Nijeria.

Mwaka 1841 serikali ya Uingereza ilituma meli kupanda mto Niger, na Crowther alichukuliwa pamoja na mmisioni mmoja Mzungu. Safari hiyo ilikuwa ya msiba. Homa iliwaangusha Wazungu karibu wote, na wapatao 40 au zaidi wakafa. Lakini jambo moja lilionekana wazi: Habari Njema haitaenea barani kwa miguu ya wageni peke yao. Waafrika wenyewe hawana budi kuichukua. Crowther akaitwa Uingereza kusoma, na mwaka 1843 akawekwa wakfu huko London, kwanza kuwa shemasi kisha kuwa kasisi. Aliporudi Sierra Leone aliongoza ibada kwa Kiyoruba mwanzoni mwa mwaka 1844. Watu waliokuwa wametekwa kama yeye walisikia kwa mara ya kwanza Neno la Mungu likisomwa kanisani kwa lugha ya mama zao.

Ndipo ikaanzishwa misioni katika nchi yake ya kuzaliwa, na mwaka 1846 Crowther na wenzake wakafika Abeokuta. Mwezi wa Agosti mwaka huo, majuma machache tu baada ya kufika, alikutanishwa na mama yake. Walikuwa hawajaonana kwa muda wa miaka 25. Mama alikuwa amekombolewa, ametekwa tena, ameuzwa, na mwishowe kukombolewa na binti zake. Wala hakuwa na tumaini kwamba mwanawe yu hai. Walipoonana hawakuweza kusema. Walikaa wakitazamana, wakishikana mikono, machozi yakawatiririka. Mwaka 1848 mama huyo alibatizwa, akaitwa Hannah, yaani jina la mama yake nabii Samweli. Na wazee wa Pwani na walio asili ya Rabai watapenda kujua kwamba mwaka huo huo wa 1846, mwezi huo huo wa Agosti, ndipo Dakta Krapf na mwenzake Rebmann walipoanzisha misioni yao Rabai.

Hapa yafaa nitue kidogo, maana wapo wazee wanaoogopa kwamba kijana akishika imani ya Kikristo atadharau kwao. Crowther alikuwa amesoma Uingereza, amevaa kanzu ya ukasisi, na aliweza kukaa Freetown kwa raha. Badala yake alirudi kwa watu wake, akaketi na wazee akiwasikiliza wakisema, akaandika maneno yao na methali zao, na kutoka katika hizo akatengeneza sarufi na kamusi ya Kiyoruba. Alikuwa kiongozi wa kazi ya kuifasiri Biblia kwa lugha hiyo, na Biblia nzima ikawa tayari katika miaka ya 1880. Alitaka Kiyoruba kile kiwe cha watu wenyewe, si cha kubabaisha, na ndiyo maana alikwenda kuchota kisimani kwa wazee. Alipotembelea Uingereza mwaka 1851 aliitwa mbele ya Malkia Victoria na mumewe, akawasomea Sala ya Bwana kwa Kiyoruba, na Malkia akaisifu lugha ile kwa utamu wake. Imani haikumfanya mgeni kwa mama yake. Imani ndiyo iliyomrudisha kwake.

Mwaka 1854 alipanda tena mto Niger, safari hii pamoja na Daktari Baikie. Walikuwa wamejifunza kutumia dawa ya kwinini, na hakufa hata mtu mmoja. Mwaka 1857 ikaanzishwa Misioni ya Niger kule Onitsha, na wafanya kazi wake wote walikuwa Waafrika chini ya uongozi wa Crowther mwenyewe. Henry Venn, mwandishi mkuu wa C.M.S. kule London, aliamini kwa moyo wote kwamba kanisa la Afrika lapasa kujitawala, kujitegemea kwa fedha zake, na kujieneza lenyewe. Kwa ushauri wake Crowther aliwekwa wakfu kuwa askofu tarehe 29 Juni 1864, katika kanisa kuu la Canterbury. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa cheo hicho katika Kanisa la Anglikana. Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa shahada ya heshima ya Udaktari wa Elimu ya Mungu.

Siku ile kanisa lilijaa watu. Na miongoni mwao walikuwapo wawili ambao yafaa tuwakumbuke. Mmoja alikuwa mzee wa jeshi la wanamaji, Leeke, ambaye miaka 42 iliyopita alikuwa nahodha wa manowari Myrmidon. Wa pili alikuwa mjane wa mwalimu Weeks, yule mama aliyemlea Bathurst. Mmoja alimtoa mtoto baharini. Mwingine alimfundisha kuishi nchi kavu. Hakuna kati yao aliyejua, siku walipomwona kijana mwembamba mwenye hofu, kwamba wanamtazama askofu. Wazee wangu, nasi hatujui ni nani tunayemtazama, tunapokutana na kijana asiye na ada ya shule akisimama mlangoni pa ofisi ya chama.

Uaskofu wake haukuwa wa kukaa kitini. Alisafiri huku na huku katika mto mrefu, mara nyingi akingoja meli za wafanyabiashara, kwa maana hakuwa na meli yake. Mwaka 1867 mtawala mmoja wa mtoni, karibu na Idah, alimkamata akataka fidia, na afisa wa Kiingereza aliyekwenda kumtoa alipigwa mshale, akafa. Katika mji wa Bonny, ambako watu walikuwa wakiwaheshimu kenge kama miungu, neno lake liliingia polepole kupitia shule za watoto, na mwaka huo huo wa 1867 watu wa Bonny wenyewe wakaacha kuabudu kenge. Alipokutana na Waislamu hakuwatukana wala hakubishana nao kwa kelele. Alisoma Biblia na kujibu maswali yao kwa upole.

Sasa nafika mahali ambapo swali la kijana wetu linajibiwa. Henry Venn alifariki mwaka 1873. Waliofuata baada yake hawakuwa na tumaini kama lake juu ya Waafrika. Katika miaka ya 1880 walitumwa Niger wamisioni vijana kutoka Uingereza, watu wenye bidii nyingi na maarifa machache, ambao wengine walikuwa na umri wa wajukuu wa Askofu. Walianza kuchunguza na kushitaki. Si kwamba hapakuwa na makosa: misioni ilikuwa kubwa kupita nguvu za mzee mmoja, na baadhi ya wafanya kazi wake walikuwa wameanguka kweli katika mambo mabaya, naye alikuwa mwepesi wa kusamehe kuliko kuadhibu. Lakini waliotuhumiwa hawakusikilizwa sawasawa, na walio safi walihukumiwa pamoja na wachafu. Mwezi wa Agosti 1890, katika mkutano uliofanyika Onitsha, makasisi na walimu walisimamishwa kazi mbele ya Askofu wao kana kwamba yeye hayupo. Mzee wa miaka 80 na zaidi aliona kazi ya maisha yake ikivunjwa na vijana waliojiita ndugu zake katika Kristo. Alijiuzulu katika halmashauri ile.

Wazee, hebu tufikiri. Angaliweza kusema kwamba imani hii ni ya Wazungu, basi wabaki nayo. Watu wengi wangalimwelewa. Mikono ile ile iliyomfungua kamba shingoni ndiyo iliyoonekana sasa kumfunga. Lakini Crowther alipobatizwa akiwa na miaka 16 hakujenga juu ya wema wa Waingereza, ijapokuwa alipata wema huo. Wala hakujenga juu ya manowari, wala juu ya chuo, wala juu ya cheo. Alijenga juu ya Kristo mwenyewe. Kwa hiyo wema wa watu ulipoondoka, msingi ulibaki. Hakuliacha kanisa, wala hakunyamaza juu ya dhuluma. Aliitetea heshima ya watu wake kwa maneno ya adabu na ya nguvu, na akashughulika na mpango wa kuyafanya makanisa ya delta ya mto Niger yajitegemee kwa fedha zao wenyewe. Mwaka 1891 alipatwa na ugonjwa wa kupooza, na tarehe 31 Desemba 1891 alifariki huko Lagos.

Baada yake aliwekwa askofu Mzungu, na Waafrika waliofuata walipewa uaskofu wa kusaidia tu. Zaidi ya miaka 50 ilipita kabla Mwafrika mwingine hajakabidhiwa dayosisi yake mwenyewe katika Nijeria. Hapa Kenya, Waafrika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa maaskofu wa Kianglikana, Festo Olang' na Obadiah Kariuki, waliwekwa mwaka 1955. Lakini kweli haiozi. Mwezi wa Juni 2014, miaka 150 baada ya siku ile kuu, ibada ya kumkumbuka Crowther ilifanyika katika kanisa lile lile la Canterbury, na Askofu Mkuu Justin Welby akakiri mbele ya watu wote kwamba Kanisa lilimkosea mtu huyu, na kwamba lapasa kutubu. Na wakati huo Wakristo wa Nijeria walikuwa wengi kuliko walivyopata kufikiriwa na mtu yeyote aliyeketi katika mkutano wa Onitsha mwaka 1890.

Sasa nawageukia ninyi vijana, hasa yule aliyeuliza. Hakuna aliye tayari kukudanganya kwamba waumini wote ni waaminifu. Utaona wazee wa kanisa wanaopenda sifa, na walimu wasioishi kama wanavyofundisha, na huenda ukadharauliwa na mtu aliyekushika mkono jana. Ukiwa umejenga imani yako juu ya mtu, yule mtu akianguka utaanguka naye. Ndiyo sababu wakati wa kuchimba msingi ni sasa, ungali na nguvu na ungali na muda, nao uchimbwe mpaka ufike kwenye mwamba. Jifunze kusoma Neno mwenyewe. Jifunze kazi ya mikono, uile jasho lako, usije ukauza dhamiri yako kwa ajili ya chakula. Mheshimu mama yako, na usione haya kwa lugha yake. Ukionewa, sema kweli kwa adabu, kisha uendelee na kazi.

Nanyi wazee wangu, kwa heshima nasema nanyi pia, ijapokuwa mimi ni mdogo kwenu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tumezoea kumuuliza kijana amepata alama ngapi katika mtihani, na hilo ni jema. Lakini ni wangapi kati yetu wameketi na kijana jioni moja na kumuuliza anajenga juu ya nini? Nyumba ya Weeks na mkewe haikuwa kubwa, nao hawakujua kwamba watakumbukwa. Walifungua mlango, wakatoa kitabu, wakatoa randa, wakasali na mtoto wa watu. Chama chetu chaweza kufanya hivyo. Chaweza kumtafutia kijana mgeni mjini nyumba ya watu wenye mwenendo mwema akae nao, na chaweza kumpeleka kwa fundi mwaminifu. Na kila mmoja wetu aweza kuangalia asije yeye mwenyewe akawa ndiye sababu ya swali la kijana yule.

Kama tutafanya hayo, basi katika kitabu cha mwaka ujao, pamoja na hesabu za fedha zilizoingia na zilizotoka, tutakuwa na hesabu nyingine ya kuwasomea wanachama, hesabu ya vijana waliopata mahali pa kusimama.

Ndimi wenu katika kazi ya chama,
Karani